Hukumu ya Dirisha la Tiketi

Tarehe 9 Machi 2012 kampuni ya Disney ya Marekani ilifungua katika majumba ya sinema filamu iitwayo John Carter. Tarehe 19 ya mwezi uo huo, siku kumi tu baadaye, kampuni hiyo ilitangaza kwamba yatazamia hasara ya dola milioni 200 hivi kwa ajili ya filamu hiyo moja. Siku kumi! Kifaranga hukaa ndani ya yai siku ishirini na moja kabla ya kuona jua. Kazi hii ya miaka, iliyopita mikononi mwa mamia ya mafundi, haikupewa hata nusu ya muda huo kabla ya kusomewa hukumu ya kifo.

Sina haja ya kuitetea Disney, ambayo ina mawakili wa kutosha. Mnamo Oktoba ya mwaka uo huo wa 2012 ilitangaza kwamba yainunua kampuni ya Lucasfilm kwa dola zaidi ya bilioni 4. Kampuni iwezayo kununua hivyo baada ya kuanguka vile haihitaji machozi yangu wala yako. Ninaokusudia kuwashtaki mbele yako, msomaji, ni mashabiki. Na nitawashtaki wa pande zote mbili, waliocheka na waliolia, kwa kuwa naona kosa lao ni moja.

Kwanza yafaa uijue filamu yenyewe, maana wengi walioihukumu hawakuitazama. Edgar Rice Burroughs, mwandishi yule yule aliyembuni Tarzan, alitoa hadithi ya John Carter sehemu kwa sehemu katika gazeti moja la Marekani mwaka 1912. (Alikuwa mtu wa ujasiri wa ajabu. Aliandika habari za Afrika bila kukanyaga Afrika, na habari za Mirihi bila kukanyaga Mirihi, na yamkini msomaji wa Nairobi atasema kwamba katika hizo mbili, Mirihi ndiyo aliyoitendea haki zaidi.) Carter ni askari wa Virginia, ambaye achukuliwa kwa njia ya muujiza mpaka sayari ya Mirihi, iitwayo Barsoom na wenyeji wake. Kwa kuwa mvuto wa sayari ile ni mdogo kuliko wa dunia yetu, mwili uliozoea uzito wa huku huruka kule kama panzi. Akuta huko watu wa kijani wenye mikono minne, miji inayopigana kwa merikebu za angani, na binti mfalme aitwaye Dejah Thoris, mjuzi wa elimu na hodari wa upanga. Mwongozaji wa filamu, Andrew Stanton, alikwisha kupata sifa kubwa kwa Finding Nemo ya mwaka 2003 na WALL-E ya mwaka 2008. Hizo zote zilikuwa filamu za michoro. Hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwake yenye waigizaji wa damu na nyama.

Sasa tuhesabu, kwa sababu ugomvi wote ulikuwa wa hesabu, na wengi waliogombana hawakuijua. Gharama ya kuitengeneza filamu ilitajwa kuwa zaidi ya dola milioni 250. Matangazo yalikisiwa kula milioni 100 nyingine. Mauzo ya tiketi duniani kote yalifika milioni 284 hivi. Mtu asiyefikiri husema: milioni 284 yazidi 250, basi hasara iko wapi? Iko hapa, kwamba wenye majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya fedha za tiketi. Gawa 284 kwa mbili, upate 142. Jumlisha gharama na matangazo, upate 350. Toa kimoja katika kingine, nawe utaona kwamba ile milioni 200 ya Disney haikutoka hewani. Waona pia kwamba filamu iliyotazamwa na mamilioni ya watu, nao wakailipia, yaweza kuitwa iliyokataliwa na watu. Filamu ya gharama ndogo ingepata theluthi moja ya mauzo yale, nayo ingeimbiwa na kupigiwa vigelegele.

Nawaanza wachekaji. Hao wana mithali yao wanayoipenda, isemayo kwamba aliyeko juu mngoje chini. Mimi nadai kwamba wameiiba mithali hii. Wazee wetu waliitoa imfariji mnyonge aliyeonewa na mwenye nguvu, asikate tamaa. Hawakuitoa ili mtu aliyekaa kitini akila njugu awacheke maseremala, wachoraji, washonaji na wapiga picha ambao kazi yao haikununuliwa. Wachekaji hawa walianza hata kabla ya pazia kufunguliwa. Wiki kadhaa kabla ya ile tarehe 9 Machi, magazeti ya habari za sinema yalikuwa yamekwisha kuandika kwamba dalili ni mbaya na filamu itaanguka. Habari hizo zikapokewa na kusambazwa kwa furaha. Mtu mwenye shilingi chache za starehe, akisikia kwamba kitu kimekwisha kufa, haendi kukinunua, na asipokinunua, waliotangaza kifo husema, "Tuliwaambia!" Huo si utabiri. Ni kumwaga maji njiani, kisha kushangaa kwamba mpita njia ameteleza. Nakiri kwamba magazeti peke yake hayakuiangusha filamu ile, lakini wachekaji hawana haki ya kujiita manabii kwa maji waliyosaidia kuyamwaga.

Tena furaha yao ilitaka mtu wa kuitupiwa, kwa maana hesabu ya kampuni haina uso wa kuchekwa. Akapatikana Taylor Kitsch, kijana aliyeigiza Carter. Kwa bahati mbaya mwaka huo huo wa 2012 alikuwamo pia katika Battleship, filamu nyingine ya gharama kubwa ya habari za viumbe wa sayari za mbali, nayo ikapata hasara. Basi jina lake likafanywa mfano wa mkosi. Alikuwa ametenda nini? Aliambiwa asimame hapa, arukie pale, aseme maneno haya. Akasimama, akaruka, akasema. Hakupanga yeye kwamba filamu moja ile milioni 250. Katika timu ya mpira twajua kumtofautisha mchezaji na mweka hazina. Mbona katika sinema hatujui?

Wala usidhani kwamba ukatili huu huja pamoja na hasara tu, ukatoweka penye faida. Mwaka 1999 ilitoka filamu ya Star Wars iitwayo The Phantom Menace, ambayo mauzo yake yalikuwa makubwa kupita zote za mwaka ule. Humo alikuwamo Ahmed Best, aliyemwigiza kiumbe mmoja wa kuchekesha aitwaye Jar Jar Binks. Mashabiki wa zamani hawakumpenda kiumbe yule, wakamwandama aliyemwigiza kwa matusi na dhihaka. Mwaka 2018, karibu miaka ishirini baadaye, Best alisema hadharani kwamba mambo yale yalimfikisha mahali pa kutaka kujitoa uhai. Alisalimika, akawa baba wa mtoto. Waliomtukana walijiita wapenzi wa Star Wars. Nasema tena, wapenzi! Kwa hiyo mchekaji akikuambia kwamba acheka kwa sababu filamu imeleta hasara, usimsadiki. Hasara humpa ruhusa. Tamaa ya kucheka alikuwa nayo tangu nyumbani.

Nageukia sasa waliao. Hawa nawapenda zaidi, na kwa sababu hiyo nitawasema kwa ukali zaidi.

Wapenzi wa Burroughs walikuwa wameingoja filamu hii muda wa miaka mia kamili, baba akimrithisha mwana kungoja. Ilipoanguka walikataa kuamini. Wakatafuta mwuaji. Wengine walimtaja mtu wa matangazo: kwa nini maneno "wa Mirihi" yaliondolewa katika jina, likabaki John Carter tupu, ambalo laweza kuwa jina la mwuza viatu? Wengine walisema kwamba watu hawakuelezwa asili ya hadithi. Kwa hakika neno lao hili lina nguvu. Star Wars ya mwaka 1977 na Avatar ya mwaka 2009 zote zimechota katika kisima cha Burroughs. Lakini kwa kuwa zilitangulia kufika katika sinema, watazamaji wengi walimwona Carter kama mwigaji. Mjukuu alitangulia karamuni, na babu aliyefika nyuma akaambiwa amevaa nguo za mjukuu. Haya yote nayakubali. Walijikusanya pia wakadai filamu ya pili, na uaminifu wao ni wa kusifiwa.

Lakini hebu zitazame hoja zao zote kwa pamoja. Jina, matangazo, magazeti, wakuu wa kampuni: kila hoja yaeleza kwa nini fedha hazikuja. Hakuna hata moja inayoeleza kama filamu ni nzuri. Mchekaji asema fedha hazikuja, kwa hiyo filamu ni mbaya. Mliaji amjibu kwamba fedha zingalikuja lau si watu fulani, kwa hiyo filamu ni njema. Wote wawili wamepiga magoti mbele ya dirisha la tiketi, mmoja akiisifu hukumu, na mwingine akikata rufani katika mahakama ile ile.

Mimi nitakuonyesha jinsi ambavyo wangaliweza kusema. Filamu ya John Carter ina kosa kubwa mwanzoni, nalo ni kwamba yaanza mara tatu kabla haijaanza. Yaanza Mirihi katika vita vya merikebu za angani, ambamo mtazamaji hajui nani ni nani. Yaanza tena New York mwaka 1881, ambako kijana mmoja apokea habari ya kifo cha Carter na daftari lake. Kisha yaanza mara ya tatu katika nchi kavu ya Arizona mwaka 1868, na hapo ndipo hadithi yenyewe ipatapo miguu. Msimulizi wa kando ya moto angaliyafanya hivyo, wasikilizaji wangalikwenda kulala. Kosa hilo ni la mwongozaji na waandishi. Si la mtu wa matangazo.

Lakini filamu iyo hiyo ina mahali ambapo Carter asimama peke yake kuwazuia maadui wengi wa kijani ili wenzake waokoke. Anapopiga upanga, twaonyeshwa kumbukumbu yake ya duniani: ashika koleo, achimba kaburi, amzika mkewe na mtoto wake. Pigo la upanga na pigo la koleo vyafuatana, moja huku na moja kule, hata mtazamaji hawezi kutenga ghadhabu na huzuni. Hapana maneno. Katika dakika zile chache waelewa kwa nini mtu huyu alikuwa hataki tena kupigania jambo lolote, na kwa nini sasa apigana. Fundi aliyeweza kuunda sehemu ile ni fundi kweli. Wapenzi wa filamu wangalisimama hapo na kusema, tazameni hili, wangaliitetea vizuri kuliko kwa kulalamika juu ya mabango.

Kuna na swali jingine, zito kuliko yote, ambalo katika kelele za hasara nililikuta kwa nadra. Carter ni kapteni wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 mpaka 1865. Jeshi lile lilipigania majimbo yaliyotaka kudumisha utumwa wa watu waliotoka katika bara letu. Burroughs hakuona haya kumfanya mtu huyo shujaa, na watengenezaji wa mwaka 2012 walimwacha na utumishi wake ule ule. Je, shujaa wa namna hii ataka kuulizwa nini? Ametubu? Yale makoloni ya Mirihi, rangi zile za watu wa kijani na watu wekundu, mgeni mmoja kutoka mbali akiwaongoza wote, yana maana gani yakitazamwa na mtu mweusi? Sikuletei jibu hapa. Naona ajabu tu kwamba watu waliweza kubishana miaka juu ya maneno mawili yaliyokatwa katika jina la filamu, na swali hili likakaa nje mlangoni kama ombaomba.

Mliaji aweza kunijibu kwamba historia itawahukumu wachekaji, nami namjua mfano atakaouleta. Ataniletea Blade Runner. Filamu hiyo ya Ridley Scott, iliyotokana na kitabu cha Philip K. Dick cha mwaka 1968, ilifunguliwa Marekani tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T. ya Steven Spielberg, nayo ikamezwa. Iligharimu takriban dola milioni 30, na katika maonyesho yake ya kwanza Marekani haikurudisha hata gharama hiyo. Dick mwenyewe alikuwa amefariki mwezi Machi mwaka ule, asiwahi kuiona imekamilika. Lakini wachache waliipenda. Waliitazama tena na tena, wakabishana juu ya viumbe wale waliotengenezwa kufanana na watu, kama wana haki ya kuishi. Mwaka 1992 ikatolewa kwa sura mpya, na mwaka 1993 ikaingizwa katika orodha ya Marekani ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi. Ndiyo mfano mzuri, nami naupokea kwa mikono miwili. Ila nataka uusome vema. Wachache wale hawakuiinua Blade Runner kwa kulaumu mabango. Waliiinua kwa kuzungumza juu ya yaliyomo ndani yake.

Uone na yaliyofuata. Mwaka 2017 ilitoka Blade Runner 2049, iliyoongozwa na Denis Villeneuve na kugharimu zaidi ya dola milioni 150. Siku tatu za kwanza Marekani ilipata milioni 32 hivi tu, na jumla yake duniani, ijapokuwa ilipita milioni 250, haikutosha kwa hesabu ile niliyokufundisha juu. Mashabiki mara hii wakajifariji: msijali, ile ya kwanza nayo ilianguka, hii nayo itapendwa baada ya miaka thelathini! Faraja hiyo siipendi. Kwanza si kila kilichoanguka ni johari. Filamu nyingi zilianguka kwa sababu zilistahili kuanguka, na zimelala huko chini mpaka leo bila kuombolezwa. Pili, asemaye hivyo bado angoja umati umwambie kwamba alikuwa na haki kupenda alichokipenda, ila ameuongezea umati muda wa kufika. Mpiga picha wa filamu ile, Roger Deakins, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2018 baada ya kuteuliwa mara kumi na tatu za awali asishinde. Picha zake zilikuwa nzuri Oktoba 2017 katika kumbi zenye viti vitupu, kabla ya tuzo na kabla ya miaka thelathini.

Hofu iliyo chini ya kilio chote naijua, nayo si ya kuchekwa. Mashabiki huogopa kwamba filamu kubwa ya hadithi za sayansi ikianguka, wenye fedha hawatatengeneza nyingine. Hofu hii ina ukweli. Mkuu wa idara ya filamu ya Disney aliacha kazi Aprili 2012, na filamu ya pili ya Carter haikutengenezwa. Lakini nani aliyewaambia kwamba hadithi za mbinguni na za siku zijazo ni mali ya wenye mamilioni 250? Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, filamu isiyofika hata nusu saa. Humo mwanamke aitwaye Asha aishi baada ya vita vya maji, katika mji uliofungwa ambao kila tone la jasho huhifadhiwa, naye apata udongo wenye uhai na kutoka nao kwenda jangwani. Ilionyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani mwaka 2010. Hakuna aliyeihukumu Pumzi kwa tiketi za siku tatu za kwanza. Watu waliizungumza kwa maji yake, kwa udongo wake, na kwa mwanamke yule anayetembea juani.

Na Carter je? Haki za filamu ambazo Disney ilikuwa nazo zilirudi mwaka 2014 kwa kampuni iliyoanzishwa na Burroughs mwenyewe. Waliaji walishangilia, kisha wakakaa kungoja tajiri mwingine. Hawakukumbuka kwamba kitabu cha kwanza kilikwisha kutoka zamani katika ulinzi wa haki ya kunakili huko Marekani, na kwamba mwaka 2009, miaka mitatu kabla ya Disney, kampuni ndogo iitwayo The Asylum ilikichukua kitabu hicho ikakitengenezea filamu ya bei rahisi, Princess of Mars, bila kumwomba Disney ruhusa. Nzuri haikuwa. Lakini mlango uliolizwa kwamba umefungwa ile tarehe 19 Machi 2012 ulikuwa umepitwa na watu wenye fedha kidogo sana, na haukuwa na kufuli.